Mwalimu Nunu Anaondoka na Swali Lake

Tarehe 30 Juni Mwalimu Nunu Amour anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha historia shuleni kwetu. Mimi mpishi wa uji ndiye niliyeombwa kuandika, maana walimu wenzake wana mitihani ya kusahihisha. Sawa.

Alizaliwa Baleni, hapa hapa kisiwani, akasomea ualimu Bara, akarudi. Wengi waliokwenda naye hawakurudi.

Somo lake kubwa ni la kidato cha tatu: nchi za Magharibi ni zipi? Watoto huonyesha ng'ambo, Rufiji, jua linakotua. "Haya, Rufiji ndiyo Ulaya?" Wanacheka. Hapo huwaeleza kwamba wale watu zamani walijiita nchi za Kikristo, walipokuja kutugawana wakajiita wastaarabu, na baada ya vita vyao wakawa Magharibi, hata Australia, iliyo mashariki yetu, wakaiingiza humo. "Babu zenu waliambiwa ustaarabu unatoka Arabuni," husema, "baba zenu wakaambiwa unatoka Ulaya, nyinyi mnaambiwa uko kwenye simu. Lini mtaambiwa mnao?"

Yeye mwenyewe hapa tunamwita Mwarabu. Alipokwenda Maskati kumzika shangazi yake, kule wakamwita Mswahili. Alitusimulia akicheka, lakini chai yake ilipoa.

Mwaka juzi walikuja wafadhili wa maktaba kutoka Ulaya. Tulipanga ngoma, madafu, na wasichana mbele. Mwalimu Nunu akasema mgeni kwetu akishakunywa maji huulizwa habari za atokako, basi na hawa waulizwe. Arafa, mwanafunzi wake, akasimama, akauliza vitabu vile amevichagua nani. Mgeni alijibu vizuri tu, akakiri hakuwahi kulifikiria. Waliokasirika ni sisi. Kikao kikaitwa, akaambiwa ameiaibisha shule. Maktaba ikajengwa, ufunguo akanyimwa.

Sasa vipindi vyake havijapewa mtu. Mkuu anasema vitasubiri. Juzi Mwalimu Nunu alikuja jikoni, akamtoa mwanangu mgongoni ili nipakue uji, akaniuliza polepole, "Mwanangu, lile somo atalifundisha nani?" Swali hilo nimelipeleka kwa mkuu, akasema niangalie sufuria zangu. Kesho nitalipeleka tena, na mtoto mgongoni.

Ahsante, Mwalimu wetu. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, kivuli, na usingizi wa mchana usiokatizwa na kengele. Pumzika. Kuwasumbua wakubwa hawa tuachie sisi.