Kuku Mbele, Mutoto Nyuma

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, kwa sababu leo nimesimama hapa na hasira, na sitaificha kwa kucheka-cheka.

Wanaonifahamu wanajua: mimi ni muntu wa nyumbani. Kwetu Burungu, kama kungekuwa diplome ya kukaa pembeni ya moto na kungojea maharagi iive, ningeipata kabla ya wote. Vita ya wazungu ilipokwisha, misioni ikatafuta wasichana waliosoma, wafundishwe kazi ya mukunga. Nikakubali. Musifikiri niliitwa na malaika! Nilipenda ile nguo nyeupe, na nilizania nitafanya kazi karibu na sahani ya mama. Kumbe nikapandishwa kamio, ile motokari ya mizigo, nikashushwa Kibua, ndani ya pori ya Walikale, mvua juu, matope chini. Kila siku nilikuwa naomba: Ee Bwana, unirudishe kwetu!

Ndugu zangu, sasa sikieni uchafu. Munajua desturi yetu: mama akizaa salama, bwana yake analeta kuku kwa mukunga. Hiyo njo asante yake. Mutoto anatangulia, kuku inafuata. Lakini pale dispanseri ya Kibua, infirmie mukubwa, muuguzi aliyetuongoza, aligeuza desturi. Kuku kwanza! Mama analia na uchungu, yeye anaangalia mikono ya bwana yake. Mikono ikiwa mitupu, chumba cha kuzalia kinabaki kimefungwa na ufunguo. Kuku zilifungwa miguu kwenye baraza, zikipiga kelele kuliko wagonjwa. Na muntu huyo njo alikuwa anaongoza sala ya asubuhi! Tena na sauti nzuri!

Siku moja akafika Sifa, mwanamuke kijana, mimba yake ya kwanza. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, anajikokota mukononi mwa bwana yake, Bahati.

"Kuku iko wapi?" infirmie akauliza.

"Papa, nitaleta, kweli ya Mungu. Acha aingie kwanza."

"Aingie na nini? Kimbia utafute!"

Bahati akakimbia. Sifa akapiga magoti kwenye matope, maji ya uzazi ikamwangika. Akanishika nguo. "Dada, usiniache inje."

Nikachukua ufunguo mezani. Infirmie akacheka.

"Dada wa maharagi! Fungua tu. Kesho utapanda kamio, urudi kwa mama yako."

Ndugu zangu! Sala yangu yote, inatoka katika kinywa cha muntu yule! Ningepaswa kuimba. Lakini moyo ukakataa, ukawaka moto. Mimi nikienda, nani atamufungulia mwingine?

"Ninafungua," nikasema, "na kamio yako sipandi."

"Nani anakuuliza kama unapenda?"

"Basi utanibeba wewe mwenyewe, Papa. Na mimi ni muzito!"

Nikafungua. Mutoto akatoka na kamba ya kitovu shingoni, uso umekuwa wa buluu. Nikaifungua vile nilivyofundishwa, nikamusugua mugongo, nikaomba kwa sauti. Akalia! Musichana! Kama tungengojea kuku, tungemuzika. Bahati alirudi na kuku, akakuta mutoto anakwisha kunyonya. Infirmie akanyosha mukono kwa kuku. Nikamutangulia. Nikaipika, na Sifa akakunywa supu yote.

Yule muntu akanishitaki kwa muganga muzungu aliyepita kukagua. Nikasema yote mbele yake, na Bahati akasimama shahidi. Ufunguo ukaondolewa kwa infirmie, na kamio ikaenda bila mimi. Lakini infirmie iko pale hata leo, na asubuhi bado anaongoza sala! Hasira yangu kwa jambo hilo, sikumuomba Mungu aiondoe. Inanisaidia kuamuka mapema.

Nilimuomba Bwana aniokoe na Kibua. Yeye akaniokoa na ile tamaa ya kukaa kwetu nikijitunza peke yangu. Namushukuru! Nia yangu sasa ni kuzeeka katika kazi hii, na kufundisha wasichana wengine, hata wale wanaopenda nguo nyeupe tu.

Na wewe unayekaa nyuma kule, unaogopa kumukaribia Yesu kwa sababu mikono yako iko mitupu: ni nani alikudanganya? Bwana hakuulizi kuku ili akufungulie. Ingia!