Mwalimu Aliyekuwa Mashine ya Darasa la Nane

Jumamosi hii, tarehe 5 Julai 2025, Mwalimu Vagheni Timothée anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya kufundisha hesabu, ishirini na minane kati yake hapa shuleni kwetu Kimemi, mjini Butembo. Karatasi yake ya kustaafu imetoka kwa wakubwa ikiwa na jina lililoandikwa vizuri, tarehe ya kuzaliwa ya kweli na muhuri unaosomeka. Walimu wenzake wameitazama karatasi hiyo kwa mshangao mkubwa kuliko walivyomtazama mwenyewe.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Jokébed, mwalimu wa Kifaransa, niandike wasifu huu kwa sababu darasa langu limepakana na lake, na kati yetu kuna ukuta wa mbao tu. Kila alichofundisha nimekisikia. Nikiamshwa usingizini na kuulizwa pembe za pembetatu zinajumlisha ngapi, nitajibu, na hesabu sijawahi kuipenda hata siku moja.

Mwalimu Timothée alizaliwa upande wa Lubero, kwa wakulima wa viazi, katika nyumba ya Kiprotestanti ambamo mtu haonji chakula kabla wimbo haujaisha. Alianza kazi Beni mwaka 1989. Huko joto lilimfundisha kushika chaki kwa kitambaa, na malori ya barabarani yalimfundisha kusema kwa sauti ambayo mimi, jirani yake wa ukuta, ninaifahamu vizuri mno. Mwaka 1997 alipanda kuja Butembo, akakuta baridi, akanunua koti la kahawia. Koti ni lile lile. Wapo wazazi humu ukumbini waliofundishwa na koti hilo, na watoto wao pia.

Kisha likaja jambo la teknolojia, na hapa naomba wageni wasicheke kabla ya wakati. Shule yetu imetajwa katika ripoti ya mradi mmoja wa wafadhili kuwa shule ya mfano katika kufundisha hesabu kwa vyombo vya kisasa. Ni kweli, sisi ni mfano. Acha nieleze ni mfano wa nini.

Mwaka 2021 mradi huo uliahidi kuleta tableti kwa ajili ya darasa la saba na la nane, ukamwita Mwalimu Timothée Beni kwa mafunzo ya wiki mbili. Alirudi amebadilika. Katika chumba cha walimu alitumia kijiko kutuonyesha namna mstari unavyochorwa kwenye kioo, kisha mtoto anasogeza kitufe kidogo kwa kidole, namba inaongezeka, na mstari unapanda mbele ya macho yake. Akikirudisha kitufe, unashuka. Chai yake ikapoa, na ya kwetu pia. Alisema miaka yote amekuwa akiwachorea watoto mstari uliokwisha kufa. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu, na alikisema waziwazi kwa kila mtu: kabla hajaondoka kazini, watoto wa darasa la nane waweke vidole vyao wenyewe kwenye kioo na kuupandisha mstari.

Tableti zilifika. Kwanza zilikaa forodhani Kasindi, mpakani na Uganda, muda wa kutosha kujifunza Kiganda. Zilipopanda Butembo tulizipokea kwa nyimbo. Padri alizibariki, na kwa kuwa shule yetu ina watu wa makanisa yote, pasta naye alizibariki, kwa muda mrefu zaidi. Mama Victoire, mwenyekiti wa kamati ya wazazi na mwenye duka la vitenge, alizifumia vitambaa vyeupe vyenye maua pembeni, kila moja na chake. Baada ya hapo Préfet wetu, yaani mkuu wa shule, Bwana Muyisa Henri, alizitia kwenye kabati la chuma ofisini mwake, akapiga kufuli mbili: ufunguo mmoja kwake, wa pili kwa Mama Victoire. Paneli ya jua iliyokuja nazo ilibaki juu ya paa ikichaji simu za walimu. Tangu hapo simu zetu hazijawahi kuzimika, mradi ushukuriwe sana.

Tusimlaumu Préfet bure. Mtu huyu aliona kwa macho yake, wakati wa vita, cherehani za shule yake ya zamani zikibebwa mchana kweupe, na mwaka uliofuata wasichana wakajifunza kushona kwa maneno. Aliapa kwamba hakitaibiwa tena kitu mikononi mwake, na kweli hakikuibiwa. Kila Jumatatu, baada ya wimbo wa bendera, Mwalimu Timothée alimfuata na swali lake: « Bwana Préfet, na ile kabati? » Kila Jumatatu alijibiwa: « Tutaona, Mwalimu. Batoto bataharibisha. » Wiki ambayo Préfet alilainika kidogo, Mama Victoire alikuwa Kasindi akipokea mizigo. Wiki ambayo Mama alikuwapo, Préfet alikuwa kwenye mkutano Beni. Funguo hizo mbili zilikutana siku za wageni tu.

Mtu mwingine angenuna. Yeye alikwenda sokoni kuomba makasha ya sabuni. Kila mtoto akakata kartoni ya ukubwa wa tableti, akachora juu yake vitufe kama Mwalimu alivyovikumbuka kutoka Beni: nukta, mstari, duara, futa, na kile kitufe kidogo cha kusogeza. Ikabaki shida moja tu, kwamba kartoni haionyeshi kitu. Ndipo Mwalimu Timothée alipojitolea kuwa mashine.

Mara ya kwanza nilisikia kupitia mbao, nikadhani wazimu umeingia, nikaenda kuchungulia. Mwalimu alikuwa amevua koti na kulitundika kwenye msumari. Mtoto anafinya kartoni yake na kutangaza: « Mwalimu, nimefinya mstari! » Mwalimu, kimya kabisa, anaegemeza rula yake ndefu kwenye ubao. Mtoto anasogeza kidole, anataja namba, rula inapanda. Akitaja namba iliyo chini ya sifuri, rula inalala upande wa pili, na darasa zima linasema ahaa. Akifinya kisichofaa, mashine inakwama: Mwalimu anafumba macho, rula juu, hasogei hata nzi akitua puani mwake, mpaka watafute kosa wenyewe. Hapo ndipo kelele inapoanza. « Imekwama! Mutafute, mutafute! » Wanagombana, wanahesabu, wanafuta, wanarudia. Mashine ikichoka sana inatangaza kwamba betri imeisha, inakaa na kunywa maji. Wanafunzi wangu waliacha vitenzi vya Kifaransa wakatega masikio ukutani. Sikuwakataza, maana mimi mwenyewe nilitaka kujua kama mstari utapanda.

Mwaka uliofuata wageni wa mradi walikuja kuona kazi. Kabati likafunguliwa, tableti zikapangwa juu ya madawati na vitambaa vyake, watoto wakaamriwa kukunja mikono: « Hapana gusa mpaka bageni baseme! » Mgeni mkubwa akamwomba Hadassa, msichana wa dawati la mbele, apandishe mstari. Hadassa hakuwa amewahi kugusa kioo cha namna hiyo maishani mwake. Aliondoa kitambaa, akakikunja vizuri, akafinya pale pale panapotakiwa bila kusita, akasogeza kidole. Halafu akainua macho kumtazama Mwalimu. Darasa zima likamtazama Mwalimu. Mstari ulikuwa umeshapanda chini ya pua zao, na hakuna hata mmoja aliyeuona, kwa sababu walikuwa wakimngoja mzee asogeze rula. Wageni waliguswa mno. Waliandika kwamba hapa kwetu teknolojia haijavunja heshima ya mwalimu. Wakapiga picha, wakala kuku, wakaondoka, na kufuli zikarudi mahali pake.

Sisi tulicheka wiki nzima. Yeye hakucheka. Alikaa na chai yake akasema, pole pole, kwamba watoto walikuwa na mstari mkononi wakamtazama yeye, na kwamba jambo hilo limemuuma. Jumatatu iliyofuata alikuwa tena mlangoni kwa Préfet.

Nisiseme kwamba kartoni hazikufaa kitu. Watoto wake walishinda mitihani, na wengi wao wamechagua hesabu na fizikia katika madarasa ya juu. Wapo waliokwenda huko na kartoni zao, na nasikia walimu wapya wanashangaa kwa nini wanafunzi hao wakikosea hesabu wanafumba macho.

Mwaka huu kamati ilipomuuliza ni zawadi gani anataka, tulikuwa tumeshajijibu wenyewe: mbuzi, kitenge cha mke wake Mama Orpa, na picha yenye fremu. Mwalimu alishukuru sana. Akasema mbuzi aachwe aishi, yeye anaomba kabati lifunguliwe asubuhi moja kwa ajili ya somo lake la mwisho. Jamani, tulifanya vikao vitatu. Lévi, mwalimu wa michezo, ambaye moyoni alishamla yule mbuzi, alisema hajawahi kuona mtu anaagwa kwa kabati. Wengine walisema tableti ni mali ya shule, na watoto si mali ya shule, kwa hiyo lazima tuchunge kilicho chetu. Préfet alisema tutaona.

Kilichombadilisha Préfet si vikao vyetu. Siku moja alikuwa akipita barazani akakuta mlango wa darasa la nane uko wazi na mashine imekwama. Watoto walikuwa bado hawajapata kosa. Mwalimu, macho yamefumbwa, alikuwa ameinua rula juu ya kichwa, na mkono wake ulikuwa unatetemeka. Ulitetemeka vibaya, na hakuushusha. Préfet alisimama pale mpaka watoto walipopata jibu, rula ikashuka, na mzee akageukia ubao ajikande bega bila kuonwa. Préfet akaondoka, akaenda kwa miguu hadi dukani kwa Mama Victoire kuomba ufunguo wa pili. Anayemjua Bwana Henri anajua kwamba safari hiyo kwake ni ndefu kuliko ya Kasindi.

Basi Jumanne iliyopita kabati likafunguliwa. Miaka minne ya kulindwa vizuri ilikuwa imefanya kazi yake: betri nyingi zilikuwa zimevimba, na tableti hizo hazikuwaka hata tulipokumbuka baraka ndefu za pasta. Saba ndizo zilizoamka. Préfet aliangalia zile zilizolala chini ya vitambaa vyeupe, moja baada ya nyingine, akavua kofia. Nilimhurumia, maana hakuna mwizi aliyezigusa. Watoto hamsini na wanne wakagawana hizo saba, vichwa juu ya vichwa.

Wakafinya, wakasogeza vidole. Na wote kwa pamoja wakainua macho kumtazama Mwalimu.

Nilikuwa mlangoni, nimeliacha darasa langu bila aibu, na niliuona uso wake. Rula ilikuwa pale pale inapokaa siku zote. Mkono wake ulikwenda nusu ya njia kuichukua, ukarudi. Aliwaambia waangalie chini. Wakaangalia chini, wakafinya, wakainua macho tena. Aliwaambia mara ya pili, na mara ya pili wakarudia vile vile. Si kosa lao, ndivyo walivyofundishwa, na aliyewafundisha ni yeye. Mwalimu Timothée akatoa koti lake kwenye msumari, akalivaa, akanipita mlangoni, akatoka nje.

Alisimama barazani, chaki bado mkononi, akisikiliza. Ndani kulikuwa kimya, kile kimya cha watoto wanaotafuta mtu. Kisha dawati likasogezwa, watu wakaanza kugombana kwa sauti ndogo, wakahesabu, wakarudia. Halafu sauti moja ikapasuka: « Iko inapanda! Muangalie, iko inapanda! » na darasa lote likalipuka. Hakuna aliyekuja mlangoni kumtafuta Mwalimu. Hakuna aliyeuliza yuko wapi. Alicheka peke yake, akafuta macho kwa mkono wa koti, akajipaka chaki uso mzima, nami sikumwambia.

Kabati liko wazi tangu siku hiyo. Mama Victoire amevichukua vitambaa akavifue. Kitenge cha Mama Orpa kiko tayari, na mbuzi naye yupo, Lévi amehakikisha. Mwalimu anashuka Beni kukaa karibu na binti yake Orpa, penye miti ya kakao na joto, ambako hatimaye koti litapata likizo. Rula anatuachia. Tumeitundika darasani, juu kidogo, mahali ambapo mtu hawezi kuifikia kwa haraka.

Mwalimu Timothée, aksanti kwa miaka yako yote, kwa sauti yako iliyovuka mbao, na kwa kukwama kwako kote. Watoto hawakukuona ulipotoka, na ndivyo ulivyotaka. Sisi leo tunakuona. Nenda salama, uishi vizuri, na mkono wako sasa upumzike.