Bati la Mwisho la Tangi la Mama Mkwe

Benchi la wanywaji kahawa limeegemea ukuta wa karakana ya fundi bati, na ndilo balaa lake. Kila akiinua nyundo, wapo Profesa na Kinyozi, vikombe vya kahawa mkononi, wanamfundisha kazi. Asubuhi hiyo alikuwa na tangi la mama mkwe. La kwanza alilikata kwa macho tu, likaishiwa maji kabla nguo hazijasuuzwa, na mama akatangaza mtaa mzima kwamba binti yake ameolewa na makadirio. Sasa anataka la duara la lita mia tano, kimo mita moja kamili, likae chini ya dirisha. Na bati limebaki moja.

— Lita mia tano ni sentimita za ujazo laki tano, alisema fundi, akiandika ukutani kwa chaki. Nagawa kwa kimo, mia moja. Elfu tano. Hilo ndilo eneo la kitako.

— Endelea, alisema Profesa, aliyepewa jina hilo kwa kuacha shule mara tatu.

— Nagawa kwa tatu nukta moja nne. Elfu moja mia tano tisini na mbili. Hii ni nusu kipenyo iliyojizidisha yenyewe.

— Imejizidisha? Basi gawa kwa mbili, umalize!

— Mia saba tisini na sita? Karibu mita nane! Profesa, mama mkwe anafua nguo, hafugi viboko!

— Tatizo ni hiyo tatu nukta moja nne, alisema Kinyozi. Mambo ya shule hayo. Iondoe.

— Nikiiondoa, tangi si litazidi kuwa kubwa?

— Basi iondoe mara mbili.

— Au lifanye hilo hilo la mita nane, alisema Profesa, halafu maji ajaze kidogo.

Fundi aliwapa mgongo. Akajaribu mwenyewe. Thelathini mara thelathini, mia tisa. Hamsini mara hamsini, imepitiliza. Arobaini mara arobaini, elfu moja mia sita.

— Arobaini! Sentimita arobaini, kutoka katikati mpaka ukingoni! Bila nyinyi ningeipata tangu saa ile!

— Ndiyo shukrani hiyo? alisema Profesa. Tumekuchangamsha akili.

Kabla hawajafungua midomo tena, fundi alivuta rula, akapima arobaini, akakata kitako kwa hasira moja. Akakiinua juu wakione vizuri.

Mama mkwe naye akatokea, ndoo mkononi.

— Baba, hiyo arobaini umeanza kupima wapi?

— Hapa ukingoni, mama.

— Mpaka wapi?

Macho ya fundi yalikwenda mpaka ukingo wa pili, yakabaki huko.  Profesa akatazama ndani ya kikombe. Kinyozi akasema kahawa imekwisha.

Mama akalichukua lile duara, akaifunikia ndoo yake.

— Asante kwa mfuniko, alisema.