Akidi na Kopo Lisilomwagika

Ko! Kitu kinabingirika sakafuni gizani, kinagonga ukuta, kinatulia.

Wasikilizaji wapendwa, ni alfajiri, Nsambya, Kampala, mwaka 1975. Akidi anaruka kitandani, anapapasa. Anajua ni kopo. Binti yake Ajok, wa miaka minne, amelipiga teke akitafuta chungu cha kukojolea.

"Limemwagika lote," anawaza. "Sasa tumekwisha."

Tunamkumbuka Akidi huyo, aliyetutoka Jumatatu. Jioni iliyotangulia alfajiri ile, askari walikuwa wamemchukua mumewe, Otema. Otema aliajiriwa na kampuni iliyochimba mafuta na gesi nchi kavu, karibu na Ziwa Albert. Kisima chao kilikuwa cha majaribio. Kazi ya Otema ilikuwa kujaza makopo kwa mafuta yanayotoka ardhini na kuyapeleka Entebbe yakapimwe. Siku ile gari lao lilifika Kampala likaishiwa petroli. Naam, gari la kampuni ya mafuta. Mji mzima haukuwa na petroli. Basi Otema akayaleta makopo manne nyumbani yalale.

Jirani akaona, jirani akasema. Askari wakafungua kopo moja. Mafuta yalikuwa yamesafiri karibu na injini, bado ya moto, yakacheza ndani. Wakanusa. "Petroli ya magendo." Otema alipotaka kueleza, kitako cha bunduki kikamnyamazisha. Wakabeba makopo matatu pamoja na mwenyewe. La nne lilibaki chini ya kitanda.

Aliyekamatwa kwa magendo miaka ile, mnajua. Wengine hawakurudi.

Akidi akawasha kibatari. Sakafu kavu. Kopo limelala ubavu, kifuniko kule. Akatia kidole. Mafuta yameganda kama samli ya asubuhi ya mvua. Akidi hakusoma kemia, lakini alikuwa amepika maisha yake yote. Alielewa.

Kulipokucha akamshika Ajok mkono, akaenda kwenye kituo alikowekwa mumewe. Mzee Otema, aliyekuwa ameketi sakafuni pale, anasimulia: "Nilimwona anaingia na kopo. Nikasema moyoni, mke wangu ameleta ushahidi wa kuniua."

Ofisa alikuwa anakunywa chai. Kofia yake ilikuwa juu ya meza.

"Wewe mama, nataka nini hapa?"

"Nimeleta lile lililobaki, afande."

"Eh, bibi anashtaki bwana yake. Mzuri sana. Mpe kiti." Askari wakacheka.

Akidi hakuketi. Alifungua kopo, akalipindua, mdomo chini, juu ya kofia ya afande.

Askari mmoja alishika bunduki. Otema alifumba macho. Wakangoja. Halikudondoka hata tone moja, wasikilizaji. Hata tone.

"Afande," Akidi akasema, kopo bado limepinduliwa, "petroli yako huganda?"

Ofisa akachungulia. Akatikisa. Akaagiza yale matatu yafunguliwe. Yote yalikuwa yameganda.

"Hii hata pikipiki hapana kunywa," akasema yule mwenye bunduki.

Ofisa akaivuta kofia yake taratibu, akaivaa. "Chukua bwana yako. Na hii uchafu yenu, toa hapa."

"Tulitembea hadi nyumbani," anasema Mzee Otema. "Mlangoni mke wangu akalitua kopo. Akakaa chini, akacheka mpaka akalia. Nikamwambia, Mama Ajok, je, kama yangemwagika? Akanijibu, basi ningeifua ile kofia."

Akidi ameondoka akiwa na miaka sabini na sita, kitandani kwake, mkono wake mkononi mwa mumewe. Kwako Mzee Otema, kwako Ajok, na kwa wajukuu wote, poleni sana. Mungu amlaze pema. Nasi tuliobaki tujiulize: siku ile ya hofu yetu, nani alitutangulia kuingia mlangoni? Na je, tumekwisha kumshukuru?

Ajok anakumbuka jambo moja tu la siku ile. Majirani walijaa nje. Hakuna aliyethubutu kuuliza kama mtu aliyerudi alirudi mzima. Mama yake akamnong'oneza atoke awaambie. Ajok akasimama kizingitini, muhogo mkononi, akawatazama wote, akasema:

"Baba anakula."