Mustari Mweusi wa Tata Anaclet Numbi

Batata na bamama, bandugu ba Lukafu na majirani ba Kamalondo, mi ni Edith, mutoto wa kwanza wa marehemu, familia imenituma nisome, na mukiona nasoma mbio munisamehe, mutaelewa sababu mbele nimalize.

Tata Anaclet Numbi alizaliwa Lukafu mwaka 1906, mama yake Bwalya, baba yake mulimaji, akasoma miaka tatu kwa misioni, akakuja Élisabethville mwaka 1924, akakata majani pembeni ya njia ya reli mpaka 1931, wakati kazi iliangukaka na bantu bengi balirudishwa kwabo. Yeye hakurudi. Mzee Abibu, muchuuzi wa Maniema, alikuwa na nyumba tisa za kupangisha hapa Kamalondo, akamupa zote achunge majani yake, na alizichunga miaka makumi mbili na sita.

Kazi yake tuliiona sisi bote: hatua tano kuzunguka ukuta, udongo mutupu, nyoka akose pa kujificha, tawi lisiguse bati, na pori ya nyuma anaichoma mwezi wa tano, wakati majani ingali na ubichi kwa shina na moto inatembea pole kama muzee. Bapangaji balimuchekaka, ati Anaclet, unafagilia nani, nyoka? Mwaka 1949, mwezi wa munane, moto ya pori ikakimbia mpaka kwetu, ikala lupango mbili za jirani, nyumba na kiwanja, ikafika kwa mustari wake mweusi, pale alikuwa amechoma, ikazimika, na kesho yake bale bachekaji bakakuja kuomba kupekupe yake, chuma cha kukata majani, bafyeke nabo. Akabapa, akacheka naye.

Alimuoa mama Delphine kanisani tarehe 3 mwezi wa pili 1934, bakazaa batoto sita, tumebaki bane, na kwa kazi ile ya majani akanisomesha kwa masere, bamama batawa, mpaka sekondari, mi mwanamuke, wakati bengine balisema anapoteza.

Kifua kilimushika mwezi wa ine mwaka huu, mwezi wa tano ukapita hakuchoma, akafa lopitali juzi, tarehe 12 mwezi wa munane 1957.

Basi pori ya nyuma ya lupango hii ingali imesimama, kavu, ndefu kunipita, na moto ya kilio iko hapa kati yetu. Jana muchana chembe iliruka, ikaanguka kwa mukeka, jirani akaikanyaga. Virginie, mutoto wangu wa miezi mitano, iko analala kwa chumba cha nyuma. Nikaomba kupekupe, Papa Zéphirin, ndugu mukubwa wa marehemu, akanikataza, juu desturi yetu hairuhusu kufagia wala kukata mbele ya kuzika. Papa, na heshima yote, mwaka 1943, kwa kilio cha nyanya Bwalya, ulimukataza Tata vilevile, akakata, mukakaa mwaka muzima bila kusemezana, na jibu lake ulituelezea weye mwenyewe, ukicheka: "Moto haijue kilio."

Tunashukuru baminganga ba lopitali balimuchunga, Mzee Abibu alitoa sanduku, majirani balileta maji na unga, na bakata-majani benzake balilala hapa na sisi.

Kupekupe yake iko nyuma ya mulango, aliinoa mwenyewe siku ya kwenda lopitali. Papa, useme neno moja tu, bakate, kiisha tumubebe kwenda kuzika.

Tata, upumzike na amani, mustari wako utakuwapo.