Dimbwi la Musoki

Basi la kwenda Bwera, mpakani, lilikuwa limeshapita Muhokya wakati Musoki, mama mvuna chumvi wa Katwe, alipoanza kumweleza Hilaire, mchuuzi Mkongo wa Butembo aliyeketi naye mbele yangu, habari ya damu yake. Alikuwa amepakata karai jipya.

"Walisoma alama juu ya DNA kwa damu," alisema. "Kansa inazibadilisha mapema. Mimi sikusikia maumivu yoyote, na kumbe uvimbe iko kwa utumbo, kama harage. Wakaitoa. Leo wamepima tena, zile alama hakuna."

"Aksanti Mungu, mama. Sasa unawaza nini?"

"Siku ya jibu la kwanza nilidhani nakufa, nikampa dada yangu Ronah dimbwi langu la chumvi, mbele ya ukoo."

"Basi, ilienda. Kitu ya kupana mbele ya bazee hairudiake."

"Inarudi. Aliyegawa alikuwa maiti, na maiti amefufuka."

Hilaire alicheka. Nilicheka pia, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Musoki alishuka Kikorongo na karai lake, akapanda pikipiki ya Katwe. Hilaire alivuka mpaka. Mimi nilikunywa chai Bwera. Ronah, kwa kuwa hakuwa amepata habari ya ufufuo huo, bila shaka alikuwa bado anavuna chumvi dimbwini.