Minu-di na Mkebe wa Pili

Mrinmoyee Tarafdar, ambaye ofisi nzima humwita Minu-di, yaani dada Minu, anastaafu leo Jumamosi, tarehe 31 Machi 2012, baada ya miaka thelathini na minane katika Ushirika wetu wa Filamu wa Beniatola. Ametengeneza filamu kumi na moja na kuandika vitabu saba. Kiti alichopewa siku ya kwanza bado ni kipya. Sakafu ndiyo iliyolika: kuna njia kutoka dirishani hadi mlangoni, imebonyea kama njia ya mbuzi, na kila mgeni hujikwaa hapo.

Naomba radhi mapema kwamba wasifu huu umeandikwa na mtu wa darasa la kumi na moja. Kikao cha kumchagua mwandishi kilichukua saa tatu na vikombe vya chai visivyohesabika, kila mjumbe akieleza kwa nini yeye ndiye anayemjua Minu-di zaidi. Mwisho yeye mwenyewe alisimama (alikuwa amesimama tangu mwanzo, ila safari hii alisimama zaidi) akanyoosha kidole kwenye kona yangu. "Aandike huyu asiyesema. Ninyi wenye maneno mtaandika habari zenu." Mimi kazi yangu hapa ni kuandika tafsiri ya Kiingereza inayopita chini ya picha za filamu, kwa sababu shuleni nasoma kwa Kiingereza na nyumbani tunaishi kwa Kibengali. Kusema mbele ya watu siwezi hata kwa lugha moja.

Minu-di alijiunga mwaka 1974, msichana wa Krishnanagar mwenye shahada ya historia, aliyekuwa amefukuzwa kazi ya ualimu kwa kuwapeleka wanafunzi kuona maandamano badala ya kuona makumbusho. Mwaka uliofuata, ilipotangazwa hali ya hatari, polisi walichukua kamera yake. Alidai risiti. Kisha kila Jumatatu, kwa miaka miwili, alifika kituoni na ile risiti na kuuliza kwa adabu kama kamera imeshamaliza kuhojiwa. Inasemekana sajenti alimrudishia siku moja bila hata kuandikishana. "Chukua, dada. Mimi kila Jumapili usiku tumbo linaniuma kwa ajili yako."

Waliotawala walimwona mpinzani. Wapinzani walipotawala, wakamwalika chai, wakashangaa kumkuta ni mpinzani bado. Serikali ilipobadilika tena mwaka jana, jirani zetu wa duka la vitabu walipaka milango yao rangi ya chama kipya ndani ya wiki moja. Yeye aliwaandikia barua ya wazi kuuliza hiyo rangi imedumu siku ngapi kwenye mlango wa kwanza. Katika riwaya zake hakuna mtu anayekaa mpaka ukurasa wa mwisho. Wote wako njiani, wengine bila viatu. Nilipomwambia hivyo (kwa karatasi, si kwa mdomo), alinijibu nyuma ya karatasi ile ile: "Kaa wewe kwa niaba yao."

Sasa nifike kwenye lile ambalo wajumbe wawili walinishauri nisiliandike.

Leo baada ya hotuba itaonyeshwa *Chungu cha Mgomo*, filamu yake ya mwaka 1979. Ni mikanda mitano, ndani ya mikebe mitano ya bati. Minu-di aliishi miezi mitatu na wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha magunia huko Bhatpara, wakati wa mgomo. Mpishi wa mgomo alikuwa mfumaji aitwaye Haradhan Bauri. Katika mkanda wa pili anaonekana akikoroga wali wa dengu kwenye sufuria kubwa kama beseni la kuogea, kisha akiuweka mwiko begani kama bunduki na kuwaita watu: "Njooni mle! Mtagoma vipi na njaa, mabwege ninyi?" Wiki sita baadaye wahuni wa kukodiwa walivamia lango la kiwanda, na Haradhan akauawa. Mkanda wa tano ni maziko yake. Anabebwa kwenye machela ya mianzi hadi mtoni, na filamu inaishia kwenye moto wa kuchomea mwili.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye daftari la Minu-di. Lakini hivyo sivyo ilivyowahi kuonyeshwa.

Usiku wa kwanza walipoipeleka Bhatpara, shuka likiwa limetandazwa ukutani, mvua ilianza. Ponchu-da, yaani kaka Ponchu, mwendesha projekta wetu, alikimbiza mikebe chini ya turubai. Siku hizo namba za mikebe ziliandikwa kwenye karatasi na kubandikwa kwa gundi ya unga. Mvua ikazila zote. Ponchu-da akapanga kwa kukisia. Mkebe wa tano ukaingia mahali pa wa pili. Watu wakaona maziko mapema, wakalia, kisha wakaendelea kukaa kwenye matope kutazama maandamano na mikutano, na mwisho kabisa, wakati hakuna aliyetegemea lolote, Haradhan akatokea na mwiko wake. "Njooni mle!" Ponchu-da anasema uwanja mzima ulisimama. Mzee mmoja aliitikia, "Tunakuja, bwege wewe!" Na mjane wa Haradhan, Khantamoni, aliyekuwa mbele na mtoto mgongoni, alicheka kwa mara ya kwanza tangu maziko. Akamfuata Minu-di nyuma ya shuka. "Usiipange tena," alimwambia. "Iache hivi hivi."

Minu-di aliiacha kwa miaka thelathini na mitatu. Mikebe ilikaa kabatini ikiwa imepangwa kimakosa kwa makusudi, bila namba.

Mimi sikujua. Filamu sikuwa nimeiona; nilikuwa nimesoma daftari tu. Januari, taasisi ya kuhifadhi filamu ilipoomba mikebe ili kuihamishia kwenye diski, niliinua mwanzo wa kila mkanda kwenye mwanga wa dirisha, nikaulinganisha na daftari, nikakuta mpangilio umevurugika, na moyo wangu wa mwanafunzi bora ukafurahi. Nilichukua kalamu ya wino mzito nikaiandika moja hadi tano, kama daftari linavyosema, mwandiko mzuri, Kibengali upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Nilitegemea kusifiwa.

Diski ilirudi wiki tatu zilizopita. Tulikaa kuitazama, Minu-di akitembea nyuma yetu na kikombe chake cha udongo. Ulipoanza mkanda wa pili, na ule moshi wa sufuria, nyayo zikanyamaza. Ndipo nilipojua kuna jambo, maana hatukuwahi kusikia nyayo zile zikinyamaza.

"Mbona yuko huku?" aliuliza. "Nani amemuua tena Haradhan?"

Ponchu-da aliinua mikono yote miwili. "Safari hii si mimi!"

Nilisema ni mimi. Hilo ni neno la kwanza nililowahi kusema kikaoni, na liko kwenye kumbukumbu za ushirika.

Hakunifokea. Ingekuwa nafuu. Kilichofuata ni mabishano. Profesa Nikhilesh, mwenyekiti wetu, alishika msimamo kwamba kosa langu limerekebisha kosa. Diski inakwenda kuhifadhiwa kwa ajili ya watu ambao hawajazaliwa, alisema, na mtu aliyekufa hawezi kuachwa akipika. "Minu, wewe ndiye uliyetufundisha kutodanganya."

"Bhatpara wote wanajua alikufa, Nikhil. Walimbeba wao. Hawahitaji sinema iwaambie."

"Na wajukuu wao?"

 Minu-di alitembea hadi dirishani, akarudi, akaenda tena. Kwa siku nne alitembea hivyo. Nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia, na mimi hujihurumia sana. Siku ya tano aliniambia nivae viatu.

Tulipanda treni ya asubuhi, yeye akiwa amesimama mlangoni ingawa viti vilikuwepo. Mama Khantamoni anaishi bado kwenye safu zile zile za vyumba vya kiwanda, chumba kimoja, kitanda kimoja, picha ya Haradhan hakuna. Alitupatia uji wa mchele na samaki mdogo wa kukaanga, akamkemea Minu-di kwa kula amesimama: "Wifi, hata ng'ombe hulala!" Nilimweleza nilichofanya. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia. Minu-di akamweleza hoja ya Profesa, tena kwa haki, bila kuipunguza uzito. Akamwambia aamue yeye.

Mama Khantamoni alitoa mwiba wa samaki mdomoni kwanza.

"Picha ya mwisho ndiyo mtu anayorudi nayo nyumbani," alisema. "Na nyumba yangu mnaiona. Machela haingii humu. Mwanamume mwenye mwiko anaingia, akijibana." Kisha akanigeukia. "Wewe mwenye mwandiko mzuri. Andika kwamba alikufa, ili hao wajukuu wasome. Halafu mwache apike."

Minu-di alikaa. Nathibitisha hilo mimi mwenyewe nikiwa shahidi: alikaa chini, ukingoni mwa kile kitanda, kwa kadiri ya robo saa, akamaliza uji wote.

Kwa hiyo ndugu wanachama, diski iliyopangwa kwa namba zangu itabaki kabatini. Leo tutatumia projekta ya zamani, na Ponchu-da, na mikebe yenyewe, ambayo nimekwangua namba zangu kwa kisu cha jikoni. Kutakuwa na mapumziko manne ya kubadilisha mikanda, msiondoke. Mtaona maziko ya Haradhan Bauri, mfumaji na mpishi, aliyeuawa langoni mwa kiwanda mwaka 1979. Hiyo imeandikwa hapa, kwa lugha mbili nyuma ya ukurasa huu, ili isipotee. Baada ya hapo mtamwona akipika, na filamu itaishia hapo. Tafadhali mtu asiinuke kurekebisha. Mama Khantamoni amekaa safu ya mbele, kiti cha kwanza kutoka mlangoni. Cha pili ni cha Minu-di, tumeweka mto, ingawa hatuna matumaini.

Minu-di, asante kwa kona uliyonipa na kwa kunitoa humo. Ushirika unakuombea magoti yasiyolalamika ngazini, samaki mbichi kila Jumapili, na kila asubuhi mtu mmoja wa kukubishia, maana bila huyo tunajua hutaamka. Nenda salama, dada. Sakafu hatutaiziba.

Kuhu Sanyal